Namna ya Kuanza Kusikiliza Michezo ya Redio ya Kauboi ya Marekani

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, vituo vya redio vya Marekani vilirusha hewani maelfu ya michezo ya kuigiza kuhusu maisha ya magharibi ya nchi hiyo katika karne ya 19: walinzi wa sheria, wafugaji, majambazi, wanajeshi wa ngomeni, wachimba dhahabu na familia za walowezi. Sehemu kubwa ya michezo hiyo imepotea, lakini iliyobaki bado ni mingi mno, na mtu yeyote mwenye simu na bando la kawaida anaweza kuisikiliza leo bila kulipa zaidi. Kinachomkwamisha msikilizaji mpya ni kutojua pa kuanzia. Wengi huanza na jina walilowahi kulisikia, ambalo mara nyingi ni The Lone Ranger, husikiliza vipindi viwili vitatu, huviona vya kitoto, kisha huacha wakiamini kwamba wamekwisha kuijua aina nzima ya michezo hii. Njia ninayoieleza hapa inakwenda kinyume na mazoea hayo. Anza na mfululizo mfupi uliokamilika na ulioandikwa kwa ajili ya watu wazima, lizoeze sikio lako kufuata hadithi kwa sauti peke yake, kisha nenda kwenye Gunsmoke, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora kuliko zote za aina hii. Michezo ya watoto uirudie mwishoni, ukiwa umeshajua cha kutafuta ndani yake.

Jua kwanza unachokichagua

Michezo hii iligawanyika katika makundi mawili makubwa, na ni vizuri kujua mapema kipindi ulichokishika ni cha kundi gani, kwa sababu kila kundi lina namna yake ya kusikilizwa. Kundi la kwanza, ambalo ndilo la zamani zaidi, liliwalenga watoto na kugharimiwa zaidi na watengenezaji wa vyakula vya kifungua kinywa. Tom Mix Ralston Straight Shooters, iliyoanza mwaka 1933, ilidhaminiwa na kampuni ya Ralston. Kipindi kilikuwa cha dakika 15, kilirudi siku baada ya siku, na mara nyingi kiliishia pale shujaa anapokuwa hatarini ili mtoto asikose cha kesho yake. Mtoto huyohuyo alihimizwa kukata kipande cha boksi la nafaka na kukituma kwa posta ili aletewe pete au beji. Tom Mix mwenyewe, aliyekuwa nyota wa sinema zisizo na sauti, hakuigiza katika mchezo uliobeba jina lake. Waigizaji wengine waliishika nafasi hiyo, na mchezo uliendelea kwa takriban miaka kumi baada ya yeye kufa katika ajali ya gari mwaka 1940.

Simshauri mtu aanzie hapo, na sababu ni ya kivitendo kabisa. Hadithi ya namna hii inaendelea kwa wiki nyingi mfululizo, ilhali vipindi vilivyohifadhiwa ni vichache na vimetawanyika, kwa hiyo utaingia katikati ya kisa usichojua kilianzaje na utaachwa kabla hujajua kiliishaje.

Kundi la pili lilikuja kwa kuchelewa, wakati televisheni ilikuwa tayari imeingia sebuleni na redio ikiwa inapoteza wasikilizaji wake. Mwaka 1952 kampuni ya CBS ilianza kurusha Gunsmoke, mchezo wa nusu saa ambao kila kipindi chake kilikuwa hadithi kamili, usio na shujaa aliyevaa kinyago wala farasi mwenye akili za binadamu. Hapo ndipo waandishi walipopata nafasi ya kuzungumza na watu wazima kuhusu njaa, ulevi, upweke, ndoa zilizoharibika na sheria isiyotosha kuzuia mauaji. Kutoka mwaka huo hadi 1961 ikafuata mifululizo mingine michache ya kiwango hicho, na kwa bahati njema hilo ndilo kundi lililohifadhiwa vizuri zaidi.

Iko michezo ambayo haiingii katika kundi lolote kati ya haya. Death Valley Days, iliyoanza mwaka 1930 kwa udhamini wa kampuni ya madini ya boraksi, iliandikwa na Ruth Cornwall Woodman, mwanamke wa New York aliyekuwa akisafiri hadi jangwani kuwatafuta wazee, kusoma magazeti ya zamani na kukusanya visa vya kweli. Melody Ranch ya mwimbaji Gene Autry, iliyodumu CBS kuanzia 1940, ilikuwa zaidi ya nyimbo kuliko hadithi. Zote mbili zina wapenzi wake, lakini hazifai kuwa mlango wa kuingilia.

Kupata vipindi na kuhakiki faili

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Andika jina la mfululizo kwa Kiingereza, na ukipata mikusanyiko kadhaa ya mfululizo mmoja, pendelea ule ulioandaliwa na kikundi cha Old Time Radio Researchers, kwa sababu wanachama wake hulinganisha nakala mbalimbali, husahihisha tarehe na huondoa vipindi vilivyorudiwa kwa majina tofauti. Jina la faili kwa kawaida hubeba tarehe ya kutangazwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. 52-04-26, kwa mfano, ni tarehe 26 Aprili 1952, siku ambayo Gunsmoke ilisikika kwa mara ya kwanza. Amini tarehe kuliko kichwa cha kipindi, kwani watangazaji wa wakati ule mara nyingi hawakutaja kichwa hewani na baadhi ya vichwa vinavyotumika leo vimewekwa na wakusanyaji.

Usipakue mkusanyiko mzima kwa pupa. Kipindi cha nusu saa kilichobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde kina ukubwa wa takriban megabaiti 14, na kile cha kilobiti 128 kina mara mbili yake bila kukuongezea lolote la maana, kwa kuwa sauti ya asili ilikuwa ya mkondo mmoja na yenye upana mdogo. Pakua vipindi vitano, vihifadhi kwenye simu, visikilize, halafu ndipo urudi kuchukua vingine. Msikilizaji mwenye faili 400 ambazo hajazigusa huishia kurukaruka.

Kabla ya kuanza kusikiliza, hakiki mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Michezo hii ilihifadhiwa kwenye sahani kubwa za inchi 16 zilizochukua takriban dakika 15 kila upande, baadaye ikahamishiwa kwenye kanda na wakusanyaji wa miaka ya 1960 na 1970, na ndipo ikageuzwa kuwa faili za kidijitali. Katika kila hatua mashine iliyokimbia au kujikokota iliacha alama yake. Kipindi kizima cha nusu saa chenye matangazo yake ya biashara hukaribia dakika 29 na sekunde kadhaa. Kikiwa na dakika 27 ilhali hakuna kilichokatwa, na sauti za wanaume zikawa nyembamba, basi kimekimbizwa. Programu kama VLC itakuwezesha kupunguza kasi kidogo kidogo mpaka sauti itulie, ingawa ni rahisi zaidi kutafuta nakala nyingine.

La pili ni asili ya nakala. Nakala nyingi tulizo nazo zinatokana na sahani za Armed Forces Radio Service, idara ya redio ya jeshi la Marekani iliyoundwa mwaka 1942 ili kuwapelekea burudani askari waliokuwa ng'ambo. Idara hiyo iliondoa matangazo ya biashara na kujaza pengo kwa muziki au kwa mawaidha kwa askari, na wakati mwingine ilibadili jina la mchezo. Nakala hizo huwa na sauti safi, lakini zinakunyima tangazo la sigara au la uji ambalo ni sehemu ya historia ya kipindi chenyewe. Ukiweza kuchagua, sikiliza nakala ya kituo kwa ajili ya historia na nakala ya jeshi kwa ajili ya usafi wa sauti.

Kuhusu haki, kuwa mwangalifu. Kupatikana bure kwa rekodi mtandaoni hakumaanishi kwamba haina mwenyewe, na tangu mwaka 2018 sheria ya Marekani imezipa ulinzi wa shirikisho hata rekodi za kabla ya 1972. Ukitaka kuzitumia rekodi hizi katika kipindi chako au kuziuza, pata kwanza ushauri wa mtu anayeijua sheria.

Anza na The Six Shooter

Mfululizo ninaoupendekeza uanze nao ulitangazwa na NBC kuanzia tarehe 20 Septemba 1953 hadi tarehe 24 Juni 1954. Una vipindi 39 tu, na vyote vipo. Mhusika mkuu ni Britt Ponset, mtu anayezurura kutoka mji hadi mji akifanya kazi za mikono, anayejulikana kila mahali kwa wepesi wa bastola yake ingawa yeye mwenyewe angependa asijulikane kwa hilo. Aliigizwa na James Stewart, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa sinema, na sauti yake ni sababu kubwa ya kuanzia hapa. Stewart anazungumza taratibu, anasitasita, anarudia neno kana kwamba bado analipima, kwa hiyo msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anapata muda wa kumfuata. Zaidi ya hayo, Ponset mwenyewe ndiye msimulizi. Anakueleza yuko wapi, amemwona nani na anafikiri nini, na maelezo hayo yanakushika mkono katika vipindi vya mwanzo ambapo bado hujazoea kutambua mahali kwa sauti peke yake.

Sifa nyingine ya mfululizo huu ni wigo wake. Frank Burt, aliyeubuni na kuuandika, alibadili hali ya hadithi kutoka wiki hadi wiki: leo msiba, wiki ijayo kichekesho cha uchaguzi wa mji mdogo au mchumba asiyetaka kuolewa. Kipindi cha tarehe 20 Desemba 1953 kinamkuta Ponset usiku wa baridi pamoja na mvulana aliyetoroka kwao, naye anamsimulia kisa cha Krismasi cha Charles Dickens, lakini wahusika wote wamegeuzwa kuwa wafugaji na farasi wao. Sikiliza vipindi kumi vya kwanza kwa mpangilio, kisha hicho cha Krismasi, na utakuwa umepima kama michezo hii ina nafasi katika maisha yako.

Namna ya kusikiliza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Sisi tuliokulia na michezo ya kuigiza ya redio, tukisubiri saa ya kipindi kama *Twende na Wakati* cha Radio Tanzania, tuna mtaji ambao wasikilizaji wengi wa leo hawana, yaani uvumilivu wa kukaa kimya na kuiachia akili ijenge uso wa mtu kutokana na sauti yake. Mtaji huo utumie. Zima taa au fumba macho, vaa hedifoni, weka simu mahali ambapo hutaiona, na usifanye kazi nyingine yoyote kwa nusu saa. Mchezo huu hauvumilii kusikilizwa huku unapika, kwa sababu habari muhimu inaweza kuwa katika mlango uliofunguliwa bila mtu kusema neno.

Fanya zoezi hili na kipindi kimoja. Kisikilize mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi tu. Mara ya pili chukua karatasi, chagua tukio la dakika tano, na uchore ramani: kaunta ya baa iko upande gani, nani yuko karibu na maikrofoni na nani yuko mbali, mtu aliyeingia amekanyaga mbao au udongo, farasi amefungwa nje au amekuja na kuondoka. Utashangaa kuona kwamba ramani inawezekana. Waigizaji walisogea mbali na maikrofoni au waligeuza uso ili wasikike kana kwamba wako ng'ambo ya barabara, na mafundi wa sauti walikuwa na masanduku ya kokoto, vipande vya sakafu ya mbao, milango kamili yenye vitasa na bawaba, na hatamu za ngozi za kukunjakunja. Kwato za farasi zilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, na mara nyingine kwa vizibuo vya sinki, vile vikombe vya mpira vyenye mpini, vikigongwa juu ya trei ya changarawe. Moto wa kambini ulikuwa karatasi ya nailoni inayokunjwa taratibu karibu na maikrofoni, na hatua katika theluji zilikuwa wanga wa mahindi unaobinywa ndani ya mfuko.

Sikiliza pia idadi ya farasi. Fundi mzuri alitofautisha farasi mmoja anayekuja mbio na watatu wanaotembea, na mara nyingi utajua kwamba jambazi amekuja na wenzake kabla mhusika yeyote hajalisema.

Maneno machache yatakusumbua mwanzoni. Sherifu alikuwa mlinzi wa sheria wa kaunti, kwa kawaida aliyechaguliwa kwa kura, wakati marshali wa Marekani aliteuliwa na serikali kuu na kuwa na mamlaka mapana zaidi. Tofauti hiyo mara kwa mara ndiyo kiini cha ugomvi. Deputi ni msaidizi wa mmoja wa hao. Posi ni kundi la raia walioitwa ghafla kumfukuza mhalifu, na katika michezo ya watu wazima kundi hilo ni hatari karibu sawa na mhalifu mwenyewe. Andika maneno mengine unayokutana nayo, lakini usisimamishe kipindi kila dakika ili kuyatafuta. Mengi yatajieleza yenyewe ukiyasikia mara ya tatu.

Kisha Gunsmoke

Ukimaliza zoezi hilo, sasa uko tayari kwa Gunsmoke. Mchezo huu uliongozwa na Norman Macdonnell, mwandishi wake mkuu akiwa John Meston, na ulidumu redioni hadi tarehe 18 Juni 1961, ukiwa na vipindi zaidi ya 400 ambavyo karibu vyote vimehifadhiwa. William Conrad ni Marshali Matt Dillon, Parley Baer ni msaidizi wake Chester, Howard McNear ni daktari wa mji na Georgia Ellis ni Kitty. Mchezo ulipohamia televisheni mwaka 1955 hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepewa nafasi yake, na nadhani ni hasara kubwa, kwa maana sauti nzito na iliyochoka ya Conrad ndiyo iliyombeba Dillon. Ukiwa umewahi kuiona ile ya televisheni, iweke kando kabisa unaposikiliza hii.

Mahali ni Dodge City, Kansas, katika miaka ya 1870. Ili uelewe kwa nini mji mmoja mdogo una vurugu kiasi hicho, kumbuka kwamba reli ya Santa Fe ilifika hapo mwaka 1872, na kwamba baada ya muda ng'ombe wa Texas wakawa wanaswagwa mamia ya kilomita hadi kwenye kituo hicho ili kupakiwa kwenye mabehewa. Wachungaji waliofika walikuwa vijana waliokaa njiani kwa miezi, wakalipwa ujira wote kwa mkupuo, na waliokuwa wakiwasubiri ni wenye baa na wacheza kamari. Weka ramani ya Kansas karibu nawe katika vipindi vya mwanzo. Ukijua umbali uliopo kati ya Dodge City na mahali Dillon anapopanda farasi kwenda, utajua kwa nini hawezi kuita msaada.

Kila kipindi kinafunguliwa na farasi anayekimbia na mlio wa risasi, kisha Dillon anajitambulisha kama mtu wa kwanza kutafutwa na wa mwisho ambaye mtu angependa kukutana naye, na anasema kwamba kazi hiyo humfanya mtu awe macho, na mpweke kidogo. Jinsi Conrad anavyolitamka hilo neno la mwisho, kwa kushusha sauti kana kwamba ameliongeza bila kukusudia, inakuonyesha mchezo mzima ulivyo. Dillon hashindi mara zote. Mara nyingi anafika akiwa amechelewa, au anamwokoa mtu asiyetaka kuokolewa, na hadithi inakwisha bila yeyote kupata faraja.

Kwa kipindi cha kuonja, chukua kile cha tarehe 27 Desemba 1952 kiitwacho The Cabin. Dillon amepatwa na tufani ya theluji njiani, anakuta kibanda, na ndani ya kibanda wamo wanaume wawili wanaomshikilia binti ambaye baba yake wamekwisha kumuua. Kipindi karibu kizima kinachezwa katika chumba kimoja. Zingatia upepo: unavuma chini ya mazungumzo kwa muda mrefu, unaongezeka ghafla kila mlango unapofunguliwa, na unapofungwa ukimya unaofuata unabana kuliko upepo wenyewe. Mafundi wa mchezo huu, Ray Kemper na Tom Hanley wakiwa miongoni mwao, walikuwa tayari kuiacha sauti ya hatua za mtu anayetembea mpaka afike kule aendako, jambo ambalo wakurugenzi wengine wangelikata ili kuokoa sekunde. Usiogope sehemu hizo ambazo hakuna anayezungumza, wala usizirushe mbele. Ni kipindi kigumu, chenye ukatili dhidi ya mwanamke, kwa hiyo kisikilize bila watoto karibu.

Ukishapita vipindi thelathini hivi utaanza kuzitambua sauti zinazorudi chini ya majina mapya. John Dehner, Harry Bartell, Vic Perrin, Virginia Gregg na Jeanette Nolan walicheza wahusika wengi katika mji huohuo, leo jambazi, wiki ijayo mchungaji wa kanisa. Kuzitambua sauti hizo ni furaha kubwa ya pekee, na pia ndiyo njia ya kupata mfululizo wako unaofuata, kwa kuwa kikundi hichohicho kilizunguka katika michezo mingine.

Sikiliza kwa macho wazi kuhusu wenyeji wa nchi

Hakuna mwongozo wa haki kuhusu michezo hii unaoweza kunyamaza kuhusu jinsi wenyeji wa asili wa Marekani walivyoonyeshwa. Katika The Lone Ranger, mwenzi wa shujaa aitwaye Tonto anazungumza Kiingereza kilichovunjika, na aliyemwigiza, John Todd, alikuwa mzungu. Katika michezo mingi ya watoto wenyeji ni tishio lililoko nyuma ya kilima, wasio na majina wala sababu. Michezo ya watu wazima ilijitahidi zaidi, na katika baadhi ya vipindi vya Gunsmoke na vya Fort Laramie, mfululizo nitakaoueleza hapo chini, ubaya uko wazi upande wa walowezi, wafanyabiashara au wanajeshi, lakini hata humo sauti za wenyeji karibu zote ni za waigizaji wazungu. Watu waliojua maana ya kunyang'anywa ardhi na kusimuliwa na wengine hawatahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linauma.

Ushauri wangu ni kwamba unaposikiliza kipindi chenye vita kati ya jeshi na wenyeji, tafuta jina la taifa linalotajwa, liwe Cheyenne, Sioux au Comanche, na usome nini hasa kiliwapata katika mwaka ambao hadithi inadai kutokea. Ukiwasikilizisha watoto, kaa nao na uwaambie waziwazi palipopotoshwa.

Baada ya hapo

Ukiwa tayari kwa mifululizo mingine, nenda kwa waigizaji uliowazoea. Fort Laramie ya mwaka 1956 iliongozwa na Norman Macdonnell yuleyule, na humo Raymond Burr, mwaka mmoja kabla ya kuwa wakili maarufu wa televisheni, ni Kapteni Lee Quince katika ngome ya Wyoming. Ni mchezo kuhusu askari wa kawaida, vumbi, malipo duni na amri mbaya, na mimi nauweka wa pili baada ya Gunsmoke. Frontier Gentleman ya mwaka 1958 ilibuniwa na Antony Ellis, na John Dehner ni J. B. Kendall, mwandishi wa gazeti la London anayetumwa kuripoti kutoka Magharibi. Kwa kuwa Kendall ni mgeni, anauliza maswali ambayo hata sisi tungeuliza, na vipindi vyake 41 vinasikilizika kwa urahisi. Dehner huyohuyo ndiye Paladin katika Have Gun, Will Travel, iliyofanya safari isiyo ya kawaida ya kutoka televisheni kwenda redio mwaka 1958. Kipindi cha mwisho, cha tarehe 27 Novemba 1960, kinampa mhusika huyo kuaga rasmi, heshima ambayo michezo mingi ilinyimwa, kwa hiyo usikiguse kabla hujawazoea watu wake.

Sasa ndipo unaporudi kwa The Lone Ranger, na utaikuta si ile uliyoidharau. Ilianza Januari 1933 katika kituo cha WXYZ cha Detroit, kilichomilikiwa na George W. Trendle, na maandiko yake mengi ya mwanzo ni ya Fran Striker. Ilitangazwa mara tatu kwa wiki, na hadi vipindi vipya vilipokoma tarehe 3 Septemba 1954 ilikuwa imekaribia vipindi 3,000. Rekodi zilizopo ni za kuanzia mwaka 1938 hivi, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta miaka mitano ya kwanza. Sikiliza jinsi kituo cha mkoani kisicho na fedha za orkesta kilivyotumia sahani za muziki wa kale wa Ulaya, Rossini mwanzoni na Liszt katikati ya matukio, na jinsi muziki huo ulivyokaa hadi leo hauwezi kutenganishwa na farasi mweupe.

Kisha tafuta vipindi vya Aprili 1941. Mwigizaji mkuu, Earle Graser, alifariki ghafla katika ajali ya gari mwezi huo, na waandishi walilazimika kumbadilisha bila kumpoteza shujaa. Walimfanya ajeruhiwe vibaya, akawa hawezi kusema zaidi ya kunong'ona kwa vipindi kadhaa, huku Tonto akibeba hadithi. Alipopona, sauti iliyotoka ilikuwa ya Brace Beemer, ambaye aliishika nafasi hiyo hadi mwisho. Visikilize kwa mfululizo, pamoja na kimoja cha Graser cha wiki chache kabla, ili masikio yako yenyewe yapime kama waandishi walifanikiwa.

Wakati wote huo weka daftari. Andika jina la mfululizo, tarehe ya kutangazwa, nakala uliyoisikia ni ya kituo au ya jeshi, hali ya sauti, na mstari mmoja kuhusu kisa. Mikusanyiko ya mtandaoni hubadilishwa na faili hupewa majina mapya, na tarehe uliyoiandika ndiyo itakayokuwezesha kukipata tena kipindi ulichokipenda.